Wenye kisukari wasikimbilie miwani wanapobadili chakula

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowapata wagonjwa wengi wa kisukari hapa Tanga bila kuelezwa mapema, nalo ni ukungu wa macho unaowajia pale hasa wanapoanza kufuata masharti ya chakula. Mtu anaacha chai ya sukari nyingi, anapunguza wali wa nazi na mahamri, sukari yake inashuka kama alivyotakiwa, kisha baada ya siku chache anashindwa kusoma hata ujumbe wa simu. Wapo wanaoamini kuwa mlo mpya umewadhuru wakarudia ule wa zamani, na wapo wanaokwenda kununua miwani ambayo baada ya mwezi haiwafai tena.

Sukari ya damu inapokaa juu kwa muda mrefu, huingia pia katika lenzi ya jicho na kuvuta maji, hata nguvu ya lenzi ikabadilika. Damu ikitulia, lenzi nayo hurejea hali yake, lakini polepole, na kwa wengi kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana wataalamu wa macho hushauri miwani ipimwe baada ya sukari kutulia kwa mwezi mmoja au zaidi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu Makorora alikuwa akijisifu barazani kwamba macho yake yamerudi ujanani, kwani alisoma gazeti bila ile miwani aliyoivaa miaka mingi, kumbe ni sukari iliyomfanya aone vizuri vya karibu na vibaya vya mbali. Alipoanza vidonge na kupunguza ugali, ujana huo ukamtoka, naye akauziwa miwani mipya na mtu ambaye hakumuuliza hata mara moja kama ana kisukari.

Ukungu huo wa lenzi ni wa kupita, na haufanani na maradhi ya retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga), ambayo huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho na huanza kimyakimya, mgonjwa akiwa bado anaona vizuri. Kwa sababu hiyo mwenye kisukari cha aina ya pili anatakiwa achunguzwe retina, kwa matone ya kupanua mboni au kwa kamera maalumu, tangu anapogundulika na ugonjwa, kisha kwa kawaida kila mwaka. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993, uliowafuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kuwa kuidhibiti sukari kwa makini kulipunguza kwa asilimia 76 hatari ya maradhi hayo kwa wale ambao hawakuwa nayo mwanzoni. Waliopata nafuu hiyo walitumia insulini, si chakula peke yake, na baadhi ya waliokuwa tayari na athari kwenye retina walizidiwa kidogo katika miezi ya kwanza kabla ya kuanza kufaidika. Kwa hiyo mwenye sukari iliyokaa juu kwa miaka asiishushe kwa pupa kabla macho yake hayajaangaliwa, na anayetumia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) asikate wanga ghafla bila daktari kumpunguzia dozi, maana sukari ikishuka mno nayo hutia kiwi na kuangusha mtu.

Kuhusu chakula chenyewe, sisi wa pwani hatuna haja ya kutafuta mbali. Vibua na dagaa vina mafuta ya omega-3, na utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2016 uliwakuta watu wa makamo na wazee wenye kisukari cha aina ya pili waliokula mafuta hayo ya kutosha, kiasi cha milo miwili ya samaki wa mafuta kwa wiki, wakiwa na hatari ndogo zaidi ya maradhi ya retina yanayotishia kuona. (Vibua wa kuchoma au wa mchuzi, si wa kuelea kwenye mafuta.) Chungwa la Muheza liliwe badala ya kukamuliwa. Asali na tende nazo zihesabiwe kuwa sukari, hata wakati wa futari. Karoti humfaa aliyepungukiwa na vitamini A, lakini hazitibu mishipa ya retina, sembuse zile chupa za "dawa ya macho" zinazotembezwa mitaani.

Ninaloomba ni dogo. Kliniki za kisukari zimweleze mgonjwa habari ya ukungu huu siku ile ile anayopewa maelekezo ya chakula, na tarehe ya kuchunguzwa retina iandikwe kwenye kadi yake. Wapimaji wa miwani nao waulize kuhusu sukari kabla ya kupokea fedha. Ila anayeona madoa meusi yakielea, au jicho likifunikwa ghafla kama na pazia, asihesabu wiki zozote, bali aende hospitali siku hiyo hiyo.

Msomaji wako,
Makorora, Tanga