Ndugu Mhariri, vitunguu vya pilau haviivi kwa dakika tano

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaohangaika kutuandalia gazeti. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niongelee ile resipi ya pilau ya kuku mliyoitoa kwenye ukurasa wa mapishi, manake nimeisoma nikairudia na bado roho haijatulia. Viungo mmevitaja vyote, iliki, mdalasini, karafuu, binzari nyembamba, pilipili manga, hapo hamkukosea kitu, ila ukifika kwenye kupika kwenyewe unakuta mistari minne tu, na wa kwanza unasema kaanga vitunguu dakika tano mpaka viwe vya kahawia. Dakika tano! Jamani hakuna jiko la kufanya hivyo. Anayejua kupika ataupita huo mstari afanye anavyojua, lakini anayejifunza atauamini, na resipi si inaandikwa kwa ajili yake huyo?

Binti wa dada yangu ndo kwanza ameanza kujipikia, akaifuata kama ilivyo. Akanipigia simu ya video sufuria ikiwa motoni, "mamdogo, hivi jiko langu lina shida?" Nikaangalia, vitunguu vimelainika tu, vyeupe pe, vinaogelea kwenye majimaji yao, na dakika tano zimeshapita zamani. Kuona hivyo akaongeza moto, haikuchukua muda pembeni vikawa vyeusi na katikati bado vyeupe, na hiyo ndo hatari yenyewe manake vile vyeusi vinatia uchungu sufuria nzima na hakuna kiungo cha kuufuta. Nikamwambia mwanangu jiko lako zima kabisa, epua hiyo, kata vingine tuanze upya.

Kitunguu karibu asilimia 90 ni maji. Na maji yakiwepo joto halivuki nyuzi 100, kwa hiyo kitunguu kinachemka tu, hakibadiliki rangi hata ukikigeuza mpaka mkono uume. Mpaka yale maji yaishe ndo mafuta yanapata nafasi ya kukikaanga. Na ukitega sikio utasikia kabisa, mwanzoni sufuria inapiga kelele nyingi, mapovu makubwa makubwa, halafu kelele inashuka, mapovu yanakuwa madogo, na hapo rangi inaanza kuja kwa kasi. Kwa vitunguu vitatu vikubwa vilivyokatwa vyembamba na unene mmoja, mafuta ya kutosha, moto wa kati, hesabu dakika 20 mpaka 25. Robo saa ya kwanza utaona kama hakuna kinachoendelea, zile dakika tatu nne za mwisho usibanduke, hata simu iite. Na viepue vikiwa bado havijafika rangi unayoitaka, manake kwenye mafuta ya moto vinaendelea kuiva vyenyewe.

Nimeng'ang'ania vitunguu kwa sababu rangi ya pilau inatoka hapo. Watu wanatia manjano, wengine soya sosi, wanahangaika mbona pilau yangu nyeupe, kumbe supu ikimwagwa juu ya vitunguu vilivyokolea vinayeyukia humo humo, supu inageuka kahawia, mchele unainywa ile rangi pamoja na utamu wake. Ukiongeza viungo mara mbili juu ya vitunguu vyeupe unapata wali unaokereketa koo, pilau bado hujaipata. Naamini hili kabisa na ningependa resipi zenu ziliseme kwa sauti kubwa kuliko zinavyosema idadi ya karafuu.

Kitunguu saumu na tangawizi mmeandika vitiwe pamoja na vitunguu mwanzoni. Hapana, vitaungua vitunguu havijafika nusu. Vinaingia mwishoni, dakika moja au mbili tu mpaka ile harufu ya ubichi iondoke. Viungo vizima kama mdalasini na iliki vinapenda mafuta, harufu yake inatokea kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo vitie hapo vichemke kidogo kabla ya supu, ila vilivyosagwa vinaungua kufumba na kufumbua, tia na kijiko cha maji pembeni. Karafuu usizidishe, tano sita kwa nusu kilo ya mchele zinatosha.

Sasa kuku. Resipi inasema chemsha kuku mpaka aive, halafu tia mchele. Kuku gani? Broila na kuku wa kienyeji hawapikwi sawa, na hapa ndo wengi wanaharibikiwa bila kujua sababu. Broila ukimchemsha mpaka aive halafu umrudishe kwenye mchele nusu saa nyingine, nyama inachambuka, kidari kinakuwa kikavu kama uzi. Yeye mgeuze geuze kwenye viungo dakika kumi hivi ashike rangi, kinachobaki atamalizia kwenye mchele humo humo. Wa kienyeji mpe saa nzima au zaidi peke yake, na chumvi na tangawizi, na ile supu usiithubutu kuimwaga, ndo maji ya kupikia pilau. Vyovyote vile, kabla ya kupakua chana paja kwenye mfupa uangalie, majimaji yawe meupe bila wekundu wa damu, na mwenye kipimajoto cha jikoni anatafuta nyuzi 74 katikati ya nyama.

Na mmeandika kuku aoshwe vizuri chini ya bomba. Najua wengi tumelelewa hivyo, lakini wataalamu wa usalama wa chakula wanakataza, kwa sababu matone yanaruka na bakteria kama Salmonella na Campylobacter yanafika kwenye sinki, kwenye vyombo, kwenye kachumbari iliyokatwa pembeni. Moto ndo unaoviua hivyo vidudu. Kama kuku ana uchafu mfute kwa karatasi ya jikoni uitupe, halafu unawe mikono kwa sabuni.

Maji ya mchele nayo. Mmesema kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji, nukta, kama vile mchele wote ni mmoja. Basmati uliooshwa mpaka maji yaache ukungu yakaribie kuwa safi, ukalowekwa nusu saa, ukachujwa, ukiupa vikombe viwili unapata bokoboko. Mimi kwa nusu kilo, ambayo ni kama vikombe viwili na nusu, natia supu vikombe vitatu na nusu, na kama vitunguu, au mtindi kwa anayeutia, vimeacha majimaji mengi kwenye sufuria nayahesabu humo. Halafu kuna hili la watu kuja wengi ukaamua kupika kilo nzima, ukazidisha kila kitu mara mbili na maji pia, pilau ikatoka imelowa. Mchele unakunywa takriban kiasi chake wenyewe, maji yanayozidi ni yale yatakayoondoka na mvuke, na mvuke hauongezeki mara mbili eti kwa sababu mchele umeongezeka, sufuria ni ile ile na kifuniko ni kile kile. Kwa kilo moja punguza nusu kikombe kwenye ile hesabu ya mara mbili, uone tofauti.

Supu ionje kabla ya kutia mchele. Iwe imezidi chumvi kidogo kuliko unavyopenda kuinywa, mchele utaimeza hiyo chumvi, na ukisubiri kuonja baadaye umechelewa, chumvi ya kunyunyizia juu haiingii. Mchele ukishaingia geuza mara moja kwa upole, acha uchemke mpaka maji yalingane na mchele, shusha moto mdogo kabisa, funika kifuniko kikaze, dakika 15 mpaka 20. Usifunue funue kuchungulia. Ukizima moto uache kwanza dakika kumi ndo uchambue na uma, ukikimbilia kupakua punje zinakatika na chini unakuta pamelowa.

La mwisho, na hili nakuomba Mhariri mlirekebishe hata kama mengine mtayaacha. Resipi imemalizia kwa kusema pilau ni tamu zaidi ikilala. Tamu kweli, viungo vinakaa sawa usiku, ila hamkusema ilale wapi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, na wali ukikaa kwenye joto la chumba masaa mengi zinaamka, zinaongezeka, nyingine zinaacha sumu ya kutapisha ambayo hata ukipasha moto mpaka ifuke haiondoki. Kwa hiyo ule usemi wa nitaipasha vizuri asubuhi hauokoi kitu. Pilau iliyobaki itandazwe kwenye sinia au chombo kipana ipoe haraka, ndani ya saa moja, mbili zisipite, iingie friji, iliwe kesho yake, na ikipashwa ipashwe mpaka ifuke katikati na mara moja tu. Kama imelala juu ya jiko usiku mzima, imwagwe, hata kama inauma.

Naomba hiyo resipi itolewe tena toleo lijalo ikiwa na dakika za kweli na dalili za kuangalia, na hilo la kiporo liandikwe kwa herufi nzito. Nafasi ikiwa finyu punguzeni ile picha kubwa ya sahani, sisi wasomaji hatutalalamika.

Msomaji wenu wa ukurasa wa mapishi