Vifaa vipya tumeviona, bao atalinda nani?

Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo nausoma kila siku kwa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Safari hii mmenishinda. Ile habari yenu ya usajili wa Simba, yenye picha ya mchezaji anashuka uwanja wa ndege na skafu shingoni, ilihesabu vifaa vipya, yaani wachezaji wapya, kimoja baada ya kingine: urefu, timu walizotoka, hadi rangi ya viatu. Mkamaliza kwa kututangazia kwamba ubingwa sasa unarudi Msimbazi, makao ya klabu. Ulitokea mlango gani, hamkusema.

Chukueni kalamu. Msimu wa 2024/25 wa Ligi Kuu Simba imecheza mechi 30, imeshinda 25, sare 3, imefungwa 2. Pointi 78. Yanga wamemaliza na 82. Zile mbili za kufungwa ni za watani zetu Yanga zote, 1-0 Oktoba na 2-0 Juni, na hizo mnaziandika hadi leo kwa sababu zinauza gazeti. Sare tatu nani anazikumbuka? Coastal Union, tuliongoza 2-0, ikaisha 2-2. Fountain Gate, tuliongoza 1-0, ikaisha 1-1. Azam, tuliongoza 2-1, wakachomoa dakika za lala salama. Pointi sita hizo, na pengo la ubingwa lilikuwa nne. Hata tungefungwa na Yanga mara zote mbili kama tulivyofungwa, kombe lilikuwa letu. Halafu Mei tukaenda fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Berkane ya Morocco wakatupiga mawili kwao kabla robo saa haijatimia, na marudiano Amaan, Zanzibar, tukatangulia, tukabaki kumi uwanjani, wakasawazisha dakika za nyongeza. Ugonjwa ni ule ule.

Kwa hiyo matarajio yangu ya msimu wa 2025/26 hayana jina la mshambuliaji hata mmoja. Nataka timu inayojua kukaa na bao.

Kukaa na bao si kurundika watu kumi golini na kumwomba Mungu. Timu ikianza kubutua, mabeki wanaganda kwenye boksi la kumi na nane kwa kuogopa mpira wa nyuma yao, viungo wanakimbilia mbele kuufuata uliobutuliwa, na katikati panabaki shamba tupu la mita ishirini na ushee. Mpira wa pili unaangukia humo. Adui anauokota bila bughudha, anageuka, anautoa pembeni, krosi. Ukibutua tena, krosi nyingine. Siku ya Azam, kwenye kibanda umiza cha kuangalizia mechi huku kwetu, muuza kahawa aliyekaa mlangoni alikuwa akifunika kikombe kimoja kwenye sinia kila tulipobutua. Kikombe cha saba akasema, "Hii ya nane inaingia," akaanza kukusanya vyombo vyake. Iliingia kabla hajafika kwenye ndoo. Mtu huyo hana cheti cha ukocha cha aina yoyote. Dawa yenyewe inajulikana hata mchangani: mpira ukishatoka mguuni kwa kipa, mstari wa mabeki unapanda wote kwa pamoja, hatua kumi hadi kumi na tano, kwa sauti ya mtu mmoja. Ya mtu mmoja, Mhariri! Beki yetu ya kushoto alikuwepo Mohamed Hussein 'Tshabalala' tangu 2014, nahodha, na sasa yuko Jangwani kwa Yanga, na habari yenu imempa sentensi moja. Mrithi wake anaweza kuwa na krosi tamu kuliko halua, lakini nani amemwambia kwamba krosi ikitoka kulia, nguzo ya mbali ni yake na si ya beki wa kati? Hilo halifundishwi kwa video. Linataka marudio ya kutosha na watu wale wale, nao Agosti 2025 waligawanyika, wengine kambini Misri, wengine kwenye michuano ya CHAN na Taifa Stars.

Bao la Fountain Gate nalo, kwa wasiokumbuka, tulijifunga wenyewe kwa pasi ya kurudi kwa kipa. Kijana aliyepiga sitamtaja, alishasemwa vya kutosha. Swali ni kwa waliomlea: pasi ya kurudi kwa kipa hupigwa nje ya nguzo, siku zote, hata kama kipa amesimama katikati anaita. Ikimpita, unatoa kona. Ukiilenga golini, kiatu cha kipa kikiteleza kidogo tu mpira unaweka kati.

Kona yenyewe safari hii inapatikana kwa bei nafuu. Tangu Julai 2025 sheria imebadilika: kipa akishika mpira zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona, na tano za mwisho refa anazihesabu mkono juu. Ule mchezo wa kulalia mpira, kuinuka kwa awamu na kuvuta soksi umefutwa. Mmeandika hilo? Mmeandika rangi ya viatu. Wachezaji wa kubadilisha nao ni watano, ila nafasi za kusimamisha mchezo ni tatu, mapumziko hayahesabiwi. Benchi likizimaliza zote dakika ya 70, beki akikamatwa na misuli dakika ya 85 mnamaliza pungufu, hata kama mmebakiza wachezaji wawili wa kuingiza. Na anayefika mapumziko na kadi ya njano akiwa kiungo mkabaji, badilisha hapo hapo, ni bure.

Maadam nimeshika kalamu, nitasema na la jezi. Namba zinabanduka mfuo wa pili, na muuzaji anakuambia hujui kufua. Namba ile inataka joto lililo sawa pote na mgandamizo wa mashine, kisha ipoe ndipo karatasi ivutwe. Kando ya barabara inabandikwa kwa pasi ya mkaa, katikati moto, pembeni baridi, na karatasi inavutwa ingali ya moto kwa sababu foleni ni ndefu. Pembe zinakunjamana, kichwa cha 7 kinadondoka, mtu anaingia uwanjani na 1 mgongoni kama kipa wa akiba. Walioshanunua: igeuze ndani nje, maji ya baridi, usisugue namba, anika kivulini, pasi isiguse namba hata kidogo.

Nirudi kwa viongozi. Kama pesa ya usajili imebaki, sajilini mpiga kengele. Kila Jumatano jioni iwekwe mechi ya dakika 15: kumi wanaongoza 2-1, kumi na mmoja wanatafuta, kocha msaidizi anaongeza dakika sita bila kutoa sababu. Kipa ahesabiwe sekunde nane kwa sauti. Pasi ya kurudi ikielekezwa golini ihesabiwe bao hata kama kipa ameizuia. Wakisawazishiwa, wafue fulana za mazoezi za kikosi kizima, kwa mikono. Siku ya mechi mpiga kengele akae nyuma ya benchi, aigonge dakika ya 75 na kila mstari wa mabeki ukichelewa kupanda. Mkimkosa wa kigeni, yule muuza kahawa anapatikana jioni zote, na vikombe anavyo.

Mwana-Msimbazi,
Mbagala, Dar es Salaam