Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uoto wa Asili, Ramani ya Kijiji na Njia ya Tope

Ndugu wanachama,

Mwaka huu jumuiya yetu ya watumia maji imeelekeza nguvu kwenye makorongo yanayoshuka kutoka Mlima Hanang mkoani Manyara, na sababu mnaijua. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka hadi mji wa Katesh ulio chini ya mlima yakaua watu zaidi ya 80. Wataalamu wa serikali walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Msitu wa hifadhi ulikuwepo huko juu. Tusidanganyane basi kwamba miti peke yake inatosha: mizizi mingi hushika udongo wa mita moja au mbili, haifungi mwamba uliooza chini yake.

Lakini penye mteremko uliofyekwa, hata udongo huo wa juu hauna wa kuushika. Tena hatari haiji siku ya kukata. Visiki huoza taratibu, na mteremko hulegea zaidi miaka kadhaa baadaye, mwenye shamba akiwa ameshazoea kulima pale.

Kwenye kingo za makorongo, pimeni kontua (mstari wa usawa mmoja unaokatiza mteremko) kwa fremu A (miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la A, yenye timazi) kwanza, kisha pandeni nyasi za vetiva mwanzoni mwa mvua, sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina. Mstari ukielekea bondeni hugeuka mfereji. Nyuma yake iwekwe mikuyu. Mikaratusi ikae mbali na vijito.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa maji hiyo inafaa. Kwa tope la mlimani haitoshi. Tope hufuata korongo likiwa juu, ila likifika palipo tambarare hupunguza kasi, huangusha mawe na kutapakaa kwa upana kama kipepeo cha kupepea moto. Hapo ndipo tunapopenda kujenga, kwa kuwa ardhi ina rutuba na barabara iko karibu. Mawe makubwa ya mviringo yaliyozikwa shambani ni ushahidi kwamba tope lilishapita.

Kwa hiyo tunaomba maeneo hayo yaingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kuwa malisho au mashamba, bila makazi. Pendekezo lipitie Halmashauri ya Kijiji, lipitishwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha sheria ndogo iidhinishwe na Halmashauri ya Wilaya. Bila sheria ndogo, ramani haimzuii mtu kujenga.

Wakati huohuo: kijito kikipungua ghafla mvua ikiendelea, huenda kimezibwa juu. Ondokeni mara moja, mkikatiza pembeni kuelekea mwinuko. Msikimbie kufuata bonde.