Shukrani kwa fundi wa kenchi

Kwako fundi uliyekuwa ukipandisha kenchi, zile fremu za mbao za kubeba paa, za darasa letu jipya hapa Morogoro: jina lako sikulipata, na ulishahamia saiti nyingine, ndiyo maana nakushukuru hadharani.

Watoto wangu wa darasa la nne walikuwa wakitengeneza madaraja ya vijiti, na kila moja lilikuwa likilala upande. Ulishuka saa ya chakula, ukachuchumaa katikati yao, ukafunga vijiti vinne kuwa fremu ya mraba, ukamwambia binti mmoja aisukume. Ikapinda. Ukaongeza kijiti kimoja cha mshazari, akasukuma tena kwa nguvu zake zote. Ikagoma! Kisha ukawaonyesha kenchi zako kule juu: pembetatu tupu, kwa sababu pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande uvunjike au kiungo kiachie. Walielewa palepale.

Ukawaachia na mabaki ya mbao, ukiwasisitiza wachore na kupima kwanza ndipo washike msumeno. Sasa madaraja yao yanabeba tofali zima.

Asante sana, kaka yangu. Mungu akuzidishie. Ukipita njia hii, karibu darasani, watoto wanakuulizia.