Usirudi Tororo Kwanza

Tororo, Jumapili jioni

Binti yangu,

Hatujambo hapa. Mguu wa mama yako unamsumbua kidogo lakini sokoni anaenda, na mvua ya mwaka huu imetukubalia. Nimepata ujumbe wako kwamba umeruhusiwa kutoka hospitali ya Butabika, ulikotibiwa pombe, na unataka kukiachia chumba cha Kireka, huko Kampala, uje nyumbani upumzike. Shangazi yako alipousikia alianza siku hiyo hiyo kupaka chokaa chumba cha nyuma. Mama yako hana habari nyingine. Kwa hiyo haya nayaandika peke yangu, na nyumba nzima imeninunia: usirudi kwanza.

Kwenu ni kwenu, hakuna wa kukufukuza. Lakini unajua nyumba yetu ilivyokaa. Ng'ambo ya njia ndipo wanapokunywa malwa, pombe yetu ya ulezi. Saa kumi jioni muuzaji anatoka na birika la maji ya moto, anaongeza chunguni, mirija mirefu inachomekwa, na waliokizunguka chungu ni wajomba zako, mwalimu wako wa zamani, watoto uliosoma nao. Malwa yenyewe si kali kama waragi. Ugumu wake ni kwamba chungu ni kimoja, na anayekataa mrija huonekana amewakataa waliokaa. Utapita kusalimia, maana wajomba hawapitwi kimya, na mmoja atakuambia, "Onja tu, mtoto, huu ni uji wa ulezi." Kesho yake kuna matanga, keshokutwa kuna mahari. Aliyeacha miaka kumi iliyopita anaweza kucheka akaendelea na safari yake. Wewe bado mbichi.

Mama yako anasema Kampala ndiko ulikoharibikia, na pombe huko iko kila kona. Ni kweli iko. Serikali ilipopiga marufuku vile vipakiti vya plastiki vya waragi mwaka 2019 na kusema chupa isipungue mililita 200, watu walihamia kwenye vichupa vinavyoingia mkobani bila shida. Vyako tuliviona, sitaki kuvirudia. Ila nimekaa nikafikiri, nikaona wewe hukuwahi kuwa mnywaji wa chungu. Ulikunywa mlango umefungwa. Ukija hapa tutakupa chumba cheupe kizuri, na utafunga mlango vilevile. Tena hapa hutakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu ukimwambia mmoja umeiambia Tororo yote, na mwanamke anayekunywa unajua anavyosemwa.

Huko Kampala kuna watu ambao hapa hawapo. Wa kwanza ni hao hao wa Butabika. Kuruhusiwa si kuagana. Tarehe ya kurudi iliyo kwenye kadi yako uishike, hata siku hiyo ukiwa unajisikia mzima kabisa. Na hasa siku hiyo. Nilipokuja kukuona nilikaa na mshauri wa kitengo cha pombe na dawa za kulevya, akaniambia wengi hurudia katika miezi ya mwanzo, na mara nyingi huanza kwa kuacha kliniki, kwa sababu mtu amejiona amepona. Mweleze kila kitu, pamoja na usingizi. Umesema hulali vizuri na unataka kuja kupumzika kwa ajili hiyo. Usingizi wa mtu aliyeacha pombe huweza kusumbua wiki nyingi, hata miezi, na hausumbui kwa sababu ya Kireka. Usiende duka la dawa kununua vidonge vya kulala kwa ushauri wa muuzaji. Baadhi ya vidonge hivyo vinamtega mtu kama pombe yenyewe. Vilivyokusaidia wodini ulipewa kwa siku chache, tena chini ya macho ya daktari.

Wa pili ni watu wa AA, Alcoholics Anonymous, wale walevi wanaokutana kusaidiana kuacha pombe. Najua ulikwenda mara moja ukiwa wodini na hukupenda. Ulisema ni wazee wanaosimulia aibu zao. Basi nikusimulie kilichonifanya mimi niwapende. Mwaka 1935, mwezi wa tano, Mmarekani mmoja aitwaye Bill Wilson alikuwa kwenye hoteli katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi mitano hivi, karibu na hali yako ya sasa, na pale ukumbini alikuwa anasikia sauti za watu walioko baa. Akaiendea simu badala ya baa. Akaanza kuwapigia wachungaji asiowajua, akiomba wamtafutie mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hakuomba mtu wa kumwombea wala wa kumwonya. Aliunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye naye alikuwa amelemewa na pombe. Daktari alisema atampa robo saa tu. Walikaa saa nyingi. Daktari aliteleza mara moja baada ya hapo, halafu tarehe 10 mwezi wa sita akanywa mara ya mwisho, na AA wenyewe huhesabu siku hiyo kuwa ndiyo mwanzo wao.

Mimi ni askari mstaafu, nimeona wanaume hodari wakishindwa na chupa, wenye nguvu za kubeba bunduki nzito kutwa nzima. Kwa hiyo ukiniandikia "Baba, nitajikaza" sipati usingizi. Ukiniandikia "Baba, nimempigia fulani" nalala.

Huko kwenye mikutano hakuna ada. Kopo la mchango linapita, asiye nacho analipitisha kwa mwenzake. Unataja jina moja tu, la kwanza. Unaweza kukaa mikutano yote ya mwezi bila kufungua mdomo. Sharti la kuingia ni kutaka kuacha pombe, basi. Mkutano mmoja usipokupendeza jaribu mwingine, Kampala haina mmoja tu. Waulize Butabika ulipo wa karibu na siku zake. Halafu tafuta humo mwanamke aliyekutangulia, mwenye miaka kadhaa bila pombe, awe ndiye unayempigia. Desturi yao ni mwanamke kushikwa mkono na mwanamke, na naiona ni busara, kwa sababu wako wanaume wanaowawinda wasichana waliotoka kuumwa. Na kama baada ya muda utaona AA si yako, sitagombana nawe. Kuna ushauri nasaha wa mtu mmoja mmoja, kuna vikundi vya kanisani. Ninachokataa ni ukae na hakuna hata kimoja.

Kuhusu kanisa: mchungaji wa shangazi yako amesema aliyeokoka hahitaji vidonge. Omba, na vidonge ulivyoandikiwa na daktari umeze. Mambo haya mawili hayagombani.

Jambo jingine nimelizuia mwenyewe, na ni vizuri ulisikie kwangu. Shangazi yako alisikia sokoni kwamba kuna vidonge vinavyomfanya mtu atapike akinywa pombe, na akapendekeza tuvisage tuvitie kwenye chai yako utakapokuja, bila wewe kujua. Alikuwa na nia njema. Dawa hiyo ipo kweli, inaitwa disulfiramu, na kuna watu inawasaidia sana, lakini ni watu waliokubali wenyewe na daktari akawapima kwanza. Anayeimeza na kunywa pombe uso humwiva, moyo humpiga mbio, hutapika, shinikizo la damu huweza kushuka hadi akazimia, na wako wanaokufa. Hata siku kumi na nne baada ya kidonge cha mwisho pombe inaweza kumdhuru. Sasa fikiria mtu asiyejua kama amepewa. Ukitaka kuitumia, au ile nyingine ya kupunguza hamu, naltreksoni, zungumza na daktari wako. Hapa nyumbani hakuna atakayegusa chai yako.

Kuna na hili zito. Ukiteleza, usijifiche. Ukiteleza siku moja, piga simu siku hiyo hiyo kwa huyo dada wa mkutanoni, au kwangu, hata ni saa nane za usiku. Ukiteleza ukanywa kwa siku nyingi mfululizo, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Mwili uliozoea huanza kutetemeka saa chache tu baada ya pombe kukatika, mtu anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa, huona visivyokuwepo. Hayo huua. Dalili hizo ni za kupanda boda kwenda hospitali yoyote iliyo karibu, na kumwambia muuguzi ukweli: nilikuwa nakunywa kiasi hiki, nimeacha tangu saa fulani. Usiseme ni malaria. Muuguzi hataandikia barua Tororo.

Andika namba za simu kwenye karatasi, si kwenye simu tu. Betri huisha, simu huibwa, na hamu haingoji umeme. Bandika karatasi nyuma ya mlango. Mwambie na rafiki yako wa saluni, yule mmoja asiyekunywa, kwamba Jumamosi mkifunga kazi mtoke pamoja, kwa sababu Jumamosi jioni ndiyo saa yako mbaya, ulisema mwenyewe. Kula kabla ya kutoka. Njaa na hasira zikikutana mtu hafikiri sawasawa.

Pesa ya chumba ya miezi miwili nimemtumia mwenye nyumba moja kwa moja. Usikasirike. Nawe ulinikubalia kwamba noti nyingi mkononi wikendi ni mtihani. Siku utakayoniambia niache, nitaacha.

Utakuja tu. Nimeulizia Mbale, kwenye hospitali ya rufaa, wana kitengo cha afya ya akili na si mbali na hapa. Utakapokuwa tayari kuhama tutamwomba mshauri wako akuandikie barua ya kukuhamishia huko kabla hujafunga mizigo. Krismasi hii usihangaike na basi. Mimi na mama yako tutakuja Kireka, kuku tutabeba sisi.

Niandikie tarehe ya kliniki ni lini, na jina la huyo dada wa mkutanoni utakapompata. Jina la kwanza linatosha.

Baba yako