Misuli haijaoza, maumivu ni ya kweli

Mhariri,

Mimi huanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Miaka sita sasa mwili unaniuma kuanzia shingo hadi nyayo, na naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Malaria na taifodi nimepimwa hadi wahudumu wakanizoea, hakuna kitu. Kituo kimoja waliniambia ni uvivu. Wifi yangu akasema ni jini. Jini gani huyo anayechagua mabega?

Mwaka jana daktari mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akautaja ugonjwa: faibromialjia. Akasema misuli yangu ni mizima. Ubongo na mishipa ya fahamu ndivyo vinavyokuza maumivu, kama redio iliyofunguliwa sauti yote. Alinipa dawa ya amitriptilini, kidogo, ya usiku. Usingizi umerudi, maumivu yamepungua kama nusu.

Nusu iliyobaki ndiyo inayoniandikisha barua hii. Mwanangu amenisomea kwamba Brazili watafiti wamejaribu kutibu ugonjwa huu kwa kuunganisha dawa ya naltreksoni ya dozi ndogo na umeme hafifu unaopitishwa kichwani. Umeme wa namna hiyo kwa kawaida ni miliampea 2, dakika 20 kwa siku. Mara nyingi ngozi huwasha kidogo. Matokeo ya tafiti hizi bado hayajakubaliana, na sitaki mtu aje kutuuzia betri mnadani!

Ila naomba mtuulizie wataalamu: huku kwetu kuna anayefuatilia jambo hili? Na wahudumu wa zahanati watafundishwa lini kuutambua ugonjwa wenyewe?

Muanika dagaa,
Kibirizi, Kigoma