Barua kwa vijana wanaotaka kazi ya mpira bila kucheza mpira

Wanangu,

Salamu kutoka kwa mzee aliyebeba mabegi ya jezi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila wiki napata ujumbe wa namna ileile: "Shikamoo mzee, nimemaliza chuo, naupenda mpira, naomba uniunganishie." Nikiuliza unataka kazi ipi, karibu wote mnajibu usemaji wa klabu. Siwalaumu. Msemaji anaonekana, anatamba redioni asubuhi, picha yake inasambaa kuliko ya kocha. Lakini klabu ina msemaji mmoja na kiti chake hakikai wazi. Huku nyuma, kwenye stoo, chumba cha matibabu na meza ya usajili, ndiko watu wanakotafutwa kwa tochi.

Niwape kisa changu kwanza. Tulikwenda kucheza Songea kwa basi. Usiku wa kuamkia safari nilifua soksi nikazianika, alfajiri nikaanua, nikafunga begi, nikapanda. Saa moja kabla ya mechi nahesabu chumbani: pea kumi na moja. Zilizobaki ziko kwenye kamba ya pili, nyuma ya choo, Dar es Salaam. Nikanyamaza nikimwomba Mungu asiumie mtu. Dakika ya sabini kocha akaita mchezaji wa akiba. Yule anayetoka kakaa chini anavua soksi, mwenzake anazivuta mguuni zimelowa jasho na tope, mwamuzi kagoma kumruhusu mpaka avae sawasawa. Uwanjani tuko kumi. Kona ikapigwa, bao. Baada ya mechi kocha hakunifokea. Aliitazama miguu yangu tu. Nilikuwa nimevaa soksi.

Tangu siku ile nahesabu mara tatu: zikitoka kambani, zikiingia begini, zikifika hotelini. Naandika kwa kalamu, kwenye daftari, maana simu huzima.

Msidhani hayo ni ya enzi zetu. Novemba 2024 Taifa Stars iliifunga Guinea 1-0 pale Mkapa ikafuzu AFCON ya Morocco. Nchi ikiwa bado inashangilia, Guinea wakapeleka malalamiko CAF, shirikisho la mpira la Afrika: mchezaji wetu mmoja aliyetokea benchi alivaa namba isiyolingana na ile ya kwenye orodha ya mechi. CAF iliyatupa, tukashusha pumzi. Mimi sikuwa hata kwenye msafara, na bado siku zile nililala vibaya.

Afrika Kusini hawakuwa na bahati hiyo. Machi 2025 waliifunga Lesotho 2-0 katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia, na kiungo wao Teboho Mokoena akacheza. Alikuwa na kadi mbili za njano, moja ya mechi na Benin mwaka 2023, nyingine ya mechi na Zimbabwe mwaka 2024, kwa hiyo alipaswa kukaa jukwaani. Kati ya kadi na kadi ilipita miezi mingi, na hapo ndipo mambo hupotelea. Septemba FIFA ikawapokonya pointi tatu, Lesotho wakapewa ushindi wa 3-0. Afrika Kusini walifuzu siku ya mwisho kabisa, kwa kuifunga Rwanda 3-0 huku Nigeria ikiwafumua wapinzani wao wa kundi, Benin, kwingine. Jasho lote lile la wachezaji lilikaribia kumwagika bure, na dawa yake ni daftari la kadi na mtu wa kulifungua usiku kabla ya mechi. Mtu huyo ndiye ninayetaka muwe.

Wenye kichwa cha makaratasi, nendeni kwenye usajili. Tangu Oktoba 2010 uhamisho wa mchezaji wa kulipwa kutoka nchi moja kwenda nyingine unapita kwenye mfumo wa FIFA wa kompyuta, TMS. Mkataba usipopandishwa ipasavyo kabla dirisha halijafungwa, mshambuliaji mliyempokea kwa ngoma uwanja wa ndege atafanya mazoezi mpaka dirisha lijalo. Na mabinti, msiziruke timu za wanawake. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 kule India mwaka 2022. Timu kama hizo zinahitaji daktari, mchua misuli, meneja, mchambuzi wa video, na foleni ya waombaji ni fupi.

Sasa la fedha, ambalo wazee wenzangu huliruka. Klabu moja, siitaji, ilinikalisha miezi minane bila mshahara. Kila nikiuliza naambiwa, "Wewe si mwenzetu bwana, timu yako hii." Mwenzao nilikuwa siku ya kubeba mabegi, siku ya kugawana mapato ya mlangoni nilikuwa mgeni. Ombeni mkataba wa maandishi, wenye kiasi, tarehe na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wakisema una kiburi, acha waseme. Na ushabiki uacheni getini. Mimi nina timu yangu ya moyoni tangu utotoni, haijawahi kuniajiri hata siku moja, na waliokuwa wakinilipa hawakuwahi kuijua.

Muda wenyewe ni huu. CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025 imepita hapa kwetu, Kenya na Uganda, na AFCON ya 2027 imepangiwa nchi hizohizo tatu. Usisubiri tangazo la ajira. Anza na timu ya ndondo mtaani kwenu, au UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, uandike orodha, ufue vizibao, ujue kamisaa, yaani msimamizi wa mchezo, anauliza nini kwenye kikao cha kabla ya mechi. Na jifunzeni Kifaransa, hata cha kuombea maji. Niliwahi kukwama na mabegi kumi na manne uwanja wa ndege, Afrika Magharibi, saa tano nzima, kwa kuwa nilishindwa kumwambia ofisa wa forodha kwamba zile ni jezi.

Niishie hapa, mashine imemaliza kufua na kuna soksi za kuanika.

Mzee wenu wa mabegi,
Dar es Salaam